Chombo Bila Maelekezo: Haki ya Wasioona na Wazee Wetu Katika Simu na Tovuti

Zilikuwa zimebaki siku chache mwezi wa Ramadhani uandame. Katika kundi la simu la msikiti mmoja jijini Dar es Salaam, kamati ikatuma ratiba ya mwezi mzima: nyakati za kujizuia, nyakati za kufuturu na saa za tarawehe. Ilikuwa ratiba ya kupendeza, yenye nakshi za kijani na dhahabu, na picha ya kuba juu yake. Waumini wakaipokea kwa dua na shukrani, na kila mmoja akaisambaza kwa jamaa zake.

Miongoni mwa walioipokea ni maalim mmoja mtu mzima, ambaye amewasomesha Qur'ani watoto wa mtaa ule kwa miaka mingi, na ambaye nuru ya macho yake imeondolewa na presha ya macho. Maalim hutumia simu kama sisi sote. Simu yake ina programu inayomsomea kwa sauti kila andiko analoligusa katika kioo. Siku ile alipoigusa ratiba, simu ikatamka neno moja: "Picha." Akaigusa tena. "Picha." Nyakati zote za Alfajiri na za Magharibi za mwezi mzima zilikuwa mbele yake, na hakuna hata moja iliyomfikia.

Tulikuwa tumekaa naye barazani alasiri ile. Akamwita mjukuu wake, ambaye alikuwa kiwanjani akicheza mpira. Mtoto akaja akihema, akasoma mistari mitatu ya kwanza, kisha akasema, "Babu, nyingine nitakusomea usiku." Maalim akacheka na kumruhusu arudi kwa wenzake. Halafu akatuambia, kwa upole usio na lawama, kwamba yeye amehifadhi juzuu thelathini kifuani mwake, lakini saa ya kula daku inambidi aiombe kwa mtoto wa darasa la tatu.

Maneno hayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala haya. Wengi wetu tunapowaona wasioona, wazee wenye macho hafifu au ndugu wenye mikono isiyotulia wakitatizika na simu na tovuti, hudhani kwamba tatizo ni kukosekana kwa chombo, au kwamba chombo kipo lakini ni cha bei kubwa. Mara nyingi sivyo. Chombo cha kumsomea Maalim kimo ndani ya simu yake, na hakukilipia chochote. Kama kamati ingeandika nyakati zile kwa maandishi ya kawaida, angezisikia zote. Kilichokosekana ni elimu ndogo iliyoandikwa vizuri: maelekezo ya kumfundisha mtumiaji namna ya kukitumia chombo chake, na maelekezo ya kumfundisha mwandishi namna ya kuandika ili chombo kiweze kusoma.

Muadhini asiyeona

Ndugu msomaji, suala la kumfikishia taarifa mtu asiyeona si geni katika dini yetu. Sote tunamjua swahaba Ibn Umm Maktum (r.a.), ambaye kwa sababu yake ziliteremshwa aya za mwanzo za Surat Abasa. Alikuja kutafuta elimu, na Mola wake akaithibitisha haki yake ya kusikilizwa mbele ya wakubwa wa Makureshi. Kisa hiki husimuliwa mara kwa mara katika mawaidha, na aghalabu mafunzo huishia hapo.

Lakini kipo kisa cha pili cha swahaba huyu, ambacho kinaigusa zaidi mada yetu. Huko Madina, Ibn Umm Maktum alikuwa muadhini wa Mtume (s.a.w.) pamoja na Bilal (r.a.). Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Bilal alikuwa akiadhini ingali usiku, na Mtume (s.a.w.) akawaelekeza Waislamu waendelee kula na kunywa mpaka waisikie adhana ya Ibn Umm Maktum. Na Ibn Umm Maktum, kwa kuwa haoni, hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kwamba kumekucha.

Tukitafakari, tutaona mambo matatu yaliyoifanya kazi hiyo iwezekane. Kwanza, mtu asiyeona alipewa jukumu la kweli, linalotegemewa na mji mzima. Pili, kulikuwa na mtu wa kumpa taarifa ya alfajiri kwa njia anayoweza kuipokea, yaani kwa sauti, tena kwa wakati wake. Tatu, watu wote walielezwa waziwazi adhana ipi ina maana gani, ili asiwepo wa kukatiza daku kabla ya wakati wala wa kula baada ya wakati.

Hilo la tatu ndilo tunalolisahau. Mpango mwema usioelezwa huzaa vurugu. Laiti watu wasingeelekezwa, adhana mbili zingewachanganya, na huenda lawama ingemwangukia asiyeona. Maelekezo yalikuwa sehemu ya mpango wenyewe. Na leo, karne kumi na nne baadaye, mwalimu wa Qur'ani asiyeona anaikosa saa ya daku kwa sababu tu imeandikwa ndani ya picha.

Vyombo vipo tele

Tuvitaje kwa ufupi vyombo vilivyopo, kwani familia nyingi zinavyo na hazijui. Simu nyingi za Android zina programu iitwayo TalkBack, na simu za iPhone zina VoiceOver, ambayo imekuwamo tangu mwaka 2009. Zote mbili husoma kwa sauti yaliyomo katika kioo. Kwa kompyuta za Windows ipo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, kisha akaiendeleza pamoja na mwenziwe asiyeona James Teh, na hutolewa bure. Sauti ya eSpeak NG inayokuja pamoja na NVDA ina Kiswahili, na Google nayo ina sauti ya Kiswahili kwa simu za Android.

Kwa wale wanaoona kwa shida, simu zina uwezo wa kukuza maandishi, kuyakoleza, kugeuza rangi ili maandishi meupe yakae juu ya weusi, na kukuza sehemu ya kioo kama kwa miwani. Kwa wasiosikia yapo maandishi yanayoonekana chini ya video. Kwa wanaopata kizunguzungu, mnato wa picha zinazoteleza na kurukaruka unaweza kuzimwa.

Kwa upande wa tovuti, mwaka 1994 Tim Berners-Lee, mbunifu wa mfumo wa tovuti tunaoutumia, alianzisha taasisi ya W3C inayosimamia kanuni zake. Mwaka 1997 taasisi hiyo ikaunda kitengo cha kushughulikia mahitaji ya watu wenye ulemavu, na mwaka 1999 ikatoa mwongozo wa kwanza wa namna ya kujenga tovuti zinazofikika na watu wote. Toleo la pili lilitoka mwaka 2008, na likaongezewa mambo mwaka 2018 na mwaka 2023. Mwongozo huo, ujulikanao kama WCAG, unasema pamoja na mengine kwamba kila picha yenye maana iwe na maelezo ya maandishi. Kwamba tofauti kati ya rangi ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake isipungue uwiano wa 4.5 kwa 1. Na kwamba maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila ukurasa kuharibika.

Zipo pia tovuti zenye kidirisha ambacho msomaji hukifungua na kuchagua mwenyewe anavyotaka ukurasa uonekane. Kituo cha utafiti wa usanifu jumuishi katika Chuo Kikuu cha OCAD, mjini Toronto, Kanada, kimetengeneza chombo cha namna hiyo kiitwacho UI Options, na kukiachia bure kwa yeyote anayejenga tovuti. Msomaji huongeza ukubwa wa herufi, hupanua nafasi kati ya mistari, hubadili rangi, na huweza kuomba orodha ya yaliyomo juu ya ukurasa.

Hekima yake ni nyepesi kuielewa: kanzu moja haiwatoshi watu wa msikiti mzima. Mzee mwenye mtoto wa jicho hutaka herufi kubwa zilizokolea. Ndugu mwenye macho yanayoumizwa na mwanga hutaka ukurasa mweusi. Mtoto ambaye herufi humchanganya anaposoma hutaka nafasi pana baina ya mistari. Anayeweza kujichagulia humaliza haja yake bila kumsumbua mwenziwe.

Kilichopotea ni maelekezo

Sasa tuulize: ikiwa vyombo vipo, kwa nini havitumiki? Tukisaidiana na majirani na jamaa katika mambo haya, jibu tulilokutana nalo mara nyingi ni kwamba mtu hakujua kama chombo kipo, au alikijua akashindwa kukiwasha, au alikiwasha akashindwa kukizima.

La mwisho tulilishuhudia kwa mama mmoja mjane wa mtaani kwetu. Mtoto wa ndugu yake, katika kuchezea simu, aliiwasha TalkBack bila kujua. Ghafla simu ikaanza kusema kila inapoguswa, na haikubali tena kufunguka kwa mguso mmoja kama ilivyozoeleka. Mtu mmoja akatania kwamba simu imepandisha. Mama akaipeleka kwa fundi, fundi naye hakujua, akaifuta yote na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Simu ikanyamaza. Lakini humo mlikuwa na sauti za marehemu mumewe, alizokuwa akimtumia akiwa safarini, nazo hazikuhifadhiwa mahali pengine.

Sentensi mbili zingeziokoa sauti zile. Ya kwanza: TalkBack ikiwa imewaka, gusa mara moja ili usikie, kisha gusa mara mbili kwa haraka ili ufungue, kwa njia hiyo utaingia katika mipangilio na kuizima. Ya pili: katika simu nyingi ambazo njia ya mkato imewashwa, kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja na kuvishikilia kwa sekunde chache huiwasha au kuizima. Fundi yule hakuwa mtu mbaya. Naye pia hakuna aliyemwandikia.

Maelekezo yaliyopo yana kasoro kadhaa. Mengi yameandikwa kwa Kiingereza, nayo yameandikwa na mhandisi kwa ajili ya mhandisi. Yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili aghalabu hufuata neno kwa neno hata msomaji asijue afanye nini. Istilahi nazo hazijatulia: jambo hilohilo moja utaliona likiitwa ufikivu mahali hapa, ufikiaji mahali pengine na ufikikaji kwingine, na mzee anayetafuta neno aliloambiwa na mwanawe halioni katika simu yake. Kibaya zaidi, maelekezo mengi ya kuwasaidia wasioona yamejaa picha za kioo cha simu na maneno kama "bonyeza alama nyekundu iliyo kulia." Huko ni kumwelekeza asiyeona kwa kumnyooshea kidole.

Maelekezo mema yakoje?

Kwa kuwa jambo hili linaweza kufanywa na yeyote kati yetu mwenye kalamu na subira, tutaje sifa za maelekezo mema.

Kwanza, yaanze na haja ya mtu, jina la chombo lifuate baadaye. Mtu hajui kwamba anatafuta "ukuzaji". Anajua kwamba haoni vizuri. Basi andika: "Ukitaka maandishi ya simu yawe makubwa." Chini yake eleza hatua: fungua Mipangilio, ingia katika sehemu ya skrini au onyesho, chagua ukubwa wa maandishi, sogeza alama kuelekea kulia mpaka maneno ya mfano yasomeke bila kukunja uso. Kisha ongeza kwamba majina hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, ili msomaji asikate tamaa akikuta neno jingine.

Pili, kila hatua iwe tendo moja, nayo iseme kitakachofuata. Msomaji anayejua cha kutarajia hutambua mapema akipotea njia. Na kwa asiyeona, tuandike atakachosikia: jina la kitufe kama simu inavyolitamka, wala si rangi yake au upande kilipo pekee.

Tatu, maelekezo ya kuingia yaambatane na ya kutoka. Kila palipoandikwa namna ya kuwasha paandikwe namna ya kuzima, na namna ya kurudisha hali ya awali. Mtu asiyejua njia ya kurudi huogopa kujaribu, na woga huo huwazuia wazee wetu wengi.

Nne, yasema kweli kuhusu mipaka. Je, uchaguzi wa herufi kubwa utabaki katika simu hii tu, au utamfuata mtu akifungua tovuti hiyo kwa kompyuta ya ofisini? Je, akisafisha kumbukumbu za kivinjari, mapendeleo yake yatapotea? Je, tovuti inahifadhi habari kwamba yeye ni mtu mwenye ulemavu? Mambo haya yaandikwe waziwazi. Tovuti nyingine hubandika kidirisha cha mapendeleo kama pambo, ilhali chini yake fomu hazina majina na picha hazina maelezo. Kidirisha hakiondoi wajibu wa kuijenga nyumba yenyewe vizuri.

Tano, yajaribiwe na anayehusika. Mkalishe mzee, mpe maelekezo, kisha nyamaza. Usimshike mkono. Pale atakaposita ndipo sentensi yako ilipo na kasoro. Mwandishi akiona msomaji amekwama, arekebishe maandishi yake kabla ya kumlaumu msomaji. Aandike na tarehe ya kuyaandika, kwani simu hubadilika, na maelekezo ya miaka mitano iliyopita yaweza kumpoteza mtu.

Urithi tulioachiwa

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya kizungu, yametujia pamoja na simu. Misahafu iliyoandikwa zama za Sayyidna Uthman (r.a.) haikuwa na irabu kama tunazozijua leo. Waarabu waliokuwa wakiijua lugha yao hawakuzihitaji. Uislamu ulipoenea kwa watu wa lugha nyingine na makosa ya usomaji kuanza kusikika, wanazuoni waliongeza alama. Abul-Aswad ad-Du'ali anatajwa kuwa wa mwanzo kuweka nukta za kuonyesha irabu, tena kwa wino wa rangi tofauti, na baadaye al-Khalil bin Ahmad akaweka irabu kwa maumbo yaliyo asili ya haya tunayoyatumia. Maneno ya Mwenyezi Mungu hayakubadilika hata herufi moja. Kilichoongezwa ni msaada kwa msomaji ambaye bila msaada huo angekwama.

Na tazama jambo jingine: fungua kurasa za mwisho za misahafu mingi iliyochapwa, utakuta maelezo ya alama zake. Alama hii maana yake simama, hii maana yake usisimame, hii maana yake hapa ni mahali pa sijda. Wachapaji wa msahafu hawakuona kwamba inatosha kuweka alama. Waliona ni wajibu kuzieleza. Msahafu umekuja na maelekezo yake ndani ya jalada lake.

Hapo hapo tupate na tahadhari. Siku hizi ipo misahafu ya kufundishia tajwidi kwa rangi, nayo imewasaidia watoto wengi. Lakini wapo watoto, na zaidi ni wa kiume, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Mtoto wa namna hiyo anapoambiwa "palipo na kijani fanya ghunna," huonekana mzembe mbele ya wenziwe, na pengine huadhibiwa kwa kosa ambalo si lake. WCAG inakataza tovuti kutegemea rangi peke yake katika kufikisha maana. Ustadhi wa madrasa naye afuate kanuni hiyo: ataje hukumu kwa jina na kwa herufi zake, kisha rangi iwe nyongeza.

Wanahistoria wetu pia wamemtaja Zaynuddin al-Amidi, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali aliyeishi Baghdad na kufariki mwanzoni mwa karne ya 14 Miladia. Hakuwa akiona, na alikuwa akifanya biashara ya vitabu. As-Safadi anasimulia kwamba alikuwa akisokota karatasi nyembamba kwa maumbo ya herufi na kuzibandika ndani ya majalada, ili kwa kupapasa ajue bei aliyokinunulia kila kitabu. Huyo alijitengenezea mapendeleo yake mwenyewe karne tano kabla ya Louis Braille kuzaliwa mwaka 1809. Na katika zama zetu, Sheikh Abdul Aziz bin Baz, aliyepoteza uoni wake akiwa kijana, alifikia kuwa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia mpaka alipofariki mwaka 1999. Ulemavu wa macho haukuwazuia watu hawa kufikia elimu, kwa kuwa elimu iliwafikia kwa njia waliyoiweza.

Sitara na amana

Huenda msomaji akauliza: kwani kuna ubaya gani mjukuu akimsomea babu yake? Hakuna ubaya, bali kuna thawabu. Ubaya upo pale babu anapokosa njia nyingine yoyote.

Zingatia ni mambo gani yanayopita katika simu siku hizi. Pesa hutumwa na kupokewa humo. Majibu ya hospitali huja humo. Wasia, deni, zaka, nafaka ya mke na siri za ndoa, vyote hupita humo. Asiyeweza kusoma mwenyewe humkabidhi mwingine namba yake ya siri, na huyo mwingine hujua kilichoingia na kilichotoka. Wapo waaminifu, nao ndio wengi. Lakini wapo wazee waliokuta akiba yao ya Hija imepungua wasijue imekwenda wapi, na wakanyamaza kwa kuhofia kuvunja udugu. Dini yetu imeilinda sitara ya mtu ndani ya nyumba yake kwa kuamrisha hodi. Ujumbe wa simu ni chumba cha mtu. Kumwezesha mzee kuusoma mwenyewe ni kumrudishia mlango wake.

Sheria nazo zinaelekea huko. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unaitaja teknolojia ya habari na mawasiliano miongoni mwa mambo yanayopaswa kufikika na wote. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Lakini sheria haiwezi kukaa barazani na mzee kumwonyesha simu yake. Hilo ni letu.

Tuanzie wapi?

Nyumbani, mwenye mzee atenge saa moja baada ya Isha. Aketi naye, wafungue simu pamoja, wakuze maandishi, wajaribu sauti. Kisha aandike hatua walizofuata kwa herufi kubwa katika karatasi nene na kuibandika ukutani. Na kama mzee haoni kabisa, arekodi sauti yake akizitaja hatua moja moja, polepole. Karatasi hiyo au sauti hiyo ndiyo maelekezo bora kuliko yote, kwa kuwa imeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja na simu moja.

Msikitini, kamati ikituma tangazo la picha, ituma na maneno yaleyale kwa maandishi chini yake. Simu mpya hujaribu kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha, ila jedwali lenye safu nyingi na nakshi mara nyingi hulivuruga. Na katika saa ya kujizuia kula, kukosea dakika si jambo dogo. Ratiba iandikwe siku baada ya siku: siku ya kwanza, Alfajiri saa fulani, Magharibi saa fulani. Tangazo la msiba, la mchango au la darasa nalo liwe hivyo.

Madrasa na taasisi zetu zenye tovuti zimwombe fundi wao mambo machache. Je, ukurasa unaweza kutumika kwa vitufe vya kompyuta bila kipanya? Je, fomu ya kusajili wanafunzi ina majina yanayosomeka na programu ya sauti? Je, mtu aliyechagua maandishi makubwa katika simu yake anaheshimiwa, au ukurasa unamlazimisha herufi ndogo? Na mwishoni uwepo ukurasa mmoja wa msaada, kwa Kiswahili fasaha, unaoeleza haya yote na kutaja mtu wa kupigiwa mambo yakishindikana.

Na vijana wetu wanaosoma kompyuta vyuoni, ambao hutuuliza wafanye kazi gani ya kheri kwa elimu yao, kazi ndiyo hii. Si lazima wabuni programu mpya. Wachukue maelekezo ya programu zilizopo na kuyaandika upya kwa Kiswahili cha mama zao, kisha wayajaribu kwa bibi zao. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba elimu yenye kunufaisha ni miongoni mwa mambo ambayo thawabu zake hazikatiki mja anapofariki. Ukurasa mmoja wa maelekezo unaomwezesha mtu asiyeona kuijua saa ya daku ni elimu ya namna hiyo.

Ama Maalim, kijana mmoja wa kamati alipopata habari alikaa usiku uleule, akaziandika nyakati zote kwa maandishi na kuzituma katika kundi. Asubuhi ya Ramadhani mosi tulimkuta Maalim msikitini kabla ya adhana, amekaa safu ya mbele. Tukamuuliza nani aliyemwamsha. Akaigusa simu iliyokuwa mfukoni mwa kanzu yake, na hakusema kitu.

Tunamwomba Allah (s.w.) atujaalie tuwe wepesi wa kuondoa vizuizi katika njia za wenzetu. Wallahu a'alam.